Jora moja, vipande vinane

Siku ya tatu ya darasa nilishika mkasi. Nilikuwa nimeshakunja kitambaa, nimepima bega, nimechora duara la shingo kwa chaki kama nilivyochora mara elfu katika kibanda cha mama yangu pale Ngamiani, Tanga. Kilichobaki ni kukata. Mwalimu wetu, bibi wa miaka sabini na kitu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Hakunikemea. Aliuchukua ule mkasi taratibu, akauweka nyuma yake, kisha akafuta chaki yangu kwa kitambaa chenye unyevu mpaka duara likapotea.

Nilidhani nimekosea vipimo. Kumbe kosa lilikuwa duara lenyewe.

Kimono, vazi la Wajapani, haina duara. Shingo yake ni mkato mmoja ulionyooka, kama tundu la kutumbukizia barua kwenye sanduku la posta, na ukosi mrefu ndio unaokuja kuipa umbo. Kitambaa kinachozidi chini ya ukosi hakikatwi, kinakunjwa kwa ndani na kulazwa hapo hapo. Nilimuuliza kwa Kijapani changu kichache kwa nini tusikiondoe, maana kinaacha unene shingoni. Akanijibu: "Atakayeifumua atakihitaji."

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Nguo ilikuwa bado haijashonwa, na yeye alikuwa ameshamfikiria mtu atakayeifumua.

Nililelewa chini ya meza ya cherehani. Kitanda changu cha kwanza, naambiwa, kilikuwa gunia la mabaki: pembe za kwapa, hilali za shingo, vipande vya marinda yaliyopunguzwa. Kila gauni mama alilolikata lilitupa mabaki yake, na mabaki hayo tulijazia mito. Basi miaka miwili niliyoishi Kyoto, Japani, mume wangu akisoma na mimi nikitafuta kazi ya kufanya kwa mikono yangu, kilichonishika kwenye lile darasa la mtaani si maua ya hariri wala rangi. Ni kwamba chumba kizima hakikuwa na gunia la mabaki.

Jora la kimono huitwa tan. Upana wake ni sentimita 36 hadi 38 hivi, urefu kama mita 12, na kutoka jora moja inatoka kimono moja. Vipande ni vinane: viwili virefu vya mwili, ambavyo vinapanda kutoka pindo la mbele, kuvuka bega na kushuka mgongoni bila mshono wowote begani, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya kuongeza upana mbele, ukosi, na kifuniko cha ukosi. Mikato yote imenyooka. Aliye mnene na aliye mwembamba wanavaa jora lile lile, tofauti yao inakuwa ni kiasi gani cha nguo kimelazwa ndani ya mishono. Mwanamke mfupi anakunja zaidi kiunoni, chini ya obi, ule mkumbuu mpana, na mrefu anakunja kidogo.

Tulishona tumekaa chini, juu ya mikeka minene ya tatami. Rula ya mwalimu ilikuwa ya mwanzi na haikuwa na sentimita. Ilikuwa ya kipimo kinachoitwa cha nyangumi, ambacho shaku yake moja ni karibu sentimita 38, na inasemwa kwamba zamani rula hizo zilichongwa kwa ndevu za nyangumi. Sindano inashikwa imetulia na kitambaa ndicho kinachotembea, mikono miwili ikikipandisha na kukishusha kama mtu anayepepeta mchele. Na mshono wenyewe, jamani, ni bandi! Ule mshono wa muda ambao fundi wa kwetu anaupiga ili apate kupitisha mashine, kisha anauchomoa. Kimono nzima, hata ya harusi, inashikwa na bandi. Mshono unalaliwa na mkunjo mwembamba wa milimita mbili hivi ili uzi usionekane, basi. Ukivuta mwisho wa uzi, nguo yote inarudi kuwa vipande vinane.

Ndivyo ilivyokuwa ikifuliwa. Kimono ya heshima haikutumbukizwa majini ikiwa nzima. Ilifumuliwa, vipande vikaunganishwa ncha kwa ncha mpaka jora likarudi, likafuliwa, likatiwa wanga wa mwani, kisha likatandazwa uani likiwa limekazwa kwa vijiti vyembamba vya mianzi vyenye sindano kwenye ncha. Mamia ya vijiti, kila kimoja kimepinda kama upinde. Likikauka linashonwa upya, na hapo ndipo mama mwenye nyumba alipogeuza mambo: pembe iliyochakaa ikapelekwa ndani, iliyopauka ikatiwa rangi ya kukoza. Kimono ya mama ikawa ya binti, ya binti ikawa foronya ya godoro, foronya ikawa nepi, nepi ikawa tambara la kufutia sakafu. Kazi hii ina jina lake, araihari, na Kyoto bado wapo mafundi wanaoishi kwayo.

Nimetangulia kueleza ushonaji kwa sababu watu wengi wanaosimulia historia ya mavazi ya Japani wanaanza na wafalme, na ukianza na wafalme utadhani kila zama walitupa nguo ya jana wakaja na mpya. Mimi nilivyoiona ni kinyume. Kata ya nguo imebadilika kidogo sana kwa mamia ya miaka. Kilichokuwa kikihangaika ni kila kitu kingine: mikono, mkumbuu, rangi, nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi.

Za kale sana nitazipitia haraka. Wachina walioandika habari za visiwa vya Japani katika karne ya 3 walisema wanawake wa huko wanavaa kitambaa chenye tundu la kupitisha kichwa. Sanamu za udongo zilizowekwa kwenye makaburi ya watawala wa karne zilizofuata zinaonyesha koti fupi na suruali au sketi. Kisha ukaja ushawishi wa China ya ukoo wa Tang, na pamoja nao mfumo mzima wa vyeo na rangi za vyeo. Mwaka 719, chini ya malkia Genshō, ikatoka amri kwamba watu wote wafunge nguo upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Amri hiyo inafuatwa mpaka leo. Siku moja nilijifunga kinyume, wanafunzi wenzangu wakanyamaza ghafla. Kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvalisha maiti.

Mwaka 794 ikulu ilihamia Kyoto, iliyoitwa Heian-kyō wakati huo, na baada ya muda safari za kwenda China zikakoma. Wajapani wakabaki na mavazi ya kigeni na nafasi ya kuyageuza watakavyo. Wakayapanua. Mwanamke wa ikulu alivaa kanzu juu ya kanzu, za hariri, hazina bitana au zina bitana ya rangi nyingine, na kila inayofuata ilikuwa fupi kidogo mkononi kuliko ya chini yake ili rangi zote zionekane pale kwenye kifundo, mstari juu ya mstari. Jina lililobaki ni jūnihitoe, tabaka kumi na mbili, ingawa idadi haikuwa lazima iwe kumi na mbili. Mipangilio ya rangi ilikuwa na majina ya majira: maua ya mplamu, majani yaliyonyauka, chini ya theluji. Mwanamke alikaa nyuma ya pazia la mianzi, na kilichoonekana nje ni pindo za mikono tu. Kwa pindo hizo alihukumiwa. Murasaki Shikibu, aliyekuwa akitumikia ikulu hiyo miaka elfu moja iliyopita, aliandika katika shajara yake kuhusu mwanamke mmoja aliyelaumiwa kwa sababu rangi moja mkononi mwake ilipauka kidogo kuliko ilivyopasa.

Nimesoma habari hiyo nikamkumbuka shangazi yangu, ambaye akikutana na mtu arusini anaanza kwa kutazama kama leso ya juu na ya chini ni doti moja. Macho ya namna hiyo nayajua.

Lakini tazama kilichokuwa chini kabisa ya tabaka hizo. Palikuwa na nguo nyembamba, yenye tundu dogo la kutokeza mkono, isiyo na madoido. Iliitwa kosode, maana yake mkono mdogo. Wakubwa waliivaa kama shumizi. Watu wa kawaida, waliokuwa na kazi za kufanya, waliivaa peke yake na kujifunga kamba. Mamlaka yalipohama kutoka kwa watu wa ikulu kwenda kwa wapiganaji, kuanzia mwisho wa karne ya 12, hakuna aliyekuwa na nafasi wala fedha za kukokota tabaka kumi. Zikavuliwa moja baada ya nyingine, kizazi baada ya kizazi, mpaka shumizi ikabaki juu. Hiyo shumizi ndiyo kimono. Vazi ambalo leo dunia nzima inalitaja kama fahari ya Japani lilianza kama nguo ya ndani ya bwana na nguo ya kazi ya mtu wa chini. Napenda sana jambo hili na sijachoka kulisimulia.

Lilipofika nje, likaanza kupambwa. Na hapa ndipo penye utamu wote, karne za amani chini ya ukoo wa Tokugawa, kuanzia 1603, makao yao yakiwa Edo, mji ambao sasa ni Tokyo. Jamii ilipangwa kwa ngazi na mfanyabiashara aliwekwa chini, lakini fedha zilikuwa kwake. Mtu mwenye fedha asiye na heshima ya kisheria atafanya nini? Atamvalisha mkewe. Mwaka 1681 mke wa tajiri mmoja wa Edo, Ishikawa Rokubei, alijipamba mno mbele ya msafara wa shōgun Tsunayoshi, mtawala wa kijeshi wa nchi. Shōgun akauliza ni mke wa bwana gani mkubwa. Alipojua ni mke wa mfanyabiashara, familia ilinyang'anywa mali ikafukuzwa mjini. Miaka miwili baadaye ikatoka amri kuzuia nyuzi za dhahabu, tarizi nzito na kitambaa kilichofungwa mafundo madogo madogo mwili mzima kabla ya kutiwa rangi, ile kazi ya kanoko inayochukua miezi.

Amri kama hizo zilitoka tena na tena, na kila ilipotoka, mafundi walitafuta mlango mwingine. Mlango mmoja ulikuwa Kyoto. Mchoraji wa mapepeo ya mkononi aitwaye Miyazaki Yūzen alipata sifa kubwa mwishoni mwa karne hiyo ya 17, na jina lake likabaki kwenye ufundi wa kuchora juu ya nguo: unakamua unga wa mchele uliopondwa kuwa kama gundi, kwa koni yenye ncha nyembamba, unazungushia kila ua na kila jani, kisha unapaka rangi ndani kwa brashi. Gundi inazuia rangi isivuke mpaka. Ukimaliza unafukiza kwa mvuke na kuosha, na pale palipokuwa na gundi panabaki mstari mweupe mwembamba kama uzi. Hakuna dhahabu, hakuna tarizi, na nguo imejaa bustani nzima. Zamani uoshaji huo ulifanyika katika mto Kamo, majora marefu yakielea juu ya maji. Nimesimama kwenye daraja la mto huo mara nyingi nikijaribu kuyaona.

Mlango mwingine ulikuwa Edo, na huo ndio unaonigusa zaidi. Watu wa Edo waliamua kwamba wakizuiwa kung'aa watapendeza bila kung'aa. Wakavaa hudhurungi na kijivu, hudhurungi za aina nyingi na kijivu za aina nyingi hata wakasema ziko hudhurungi arobaini na nane na kijivu mia. Wakachapa vidoa vidogo hivi kwamba ukiwa hatua tatu unaona rangi moja tupu, ukisogea ndipo unaona maelfu ya nukta zilizopangwa. Na ndani, kwenye bitana, wakaweka hariri nyekundu au picha nzima iliyochorwa kwa mkono. Nje mfanyabiashara mtiifu, ndani upinde wa mvua. Alipopanda ngazi, au upepo ulipopiga pindo, ndipo aliyekuwa karibu alipoiona kwa sekunde moja. Waliita hali hiyo iki. Mwanamke wa Pwani aliyewahi kuvaa buibui juu ya gauni aliloligharamia mwezi mzima hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Obi nayo ilikua katika karne hizo hizo. Mwanzo ilikuwa mkanda mwembamba tu wa kuzuia nguo isifunguke. Ikapanuka mpaka ikafika sentimita 30 na kuziba nusu ya kiwiliwili, fundo likahama kutoka mbele kwenda nyuma, na mikono ya wasichana ikarefuka ikaning'inia karibu na vifundo vya miguu. Nguo ya mtu wa kazi ikawa nguo ambayo huwezi kufanyia kazi.

Sio wote, lakini. Kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu, Tsugaru, pamba haioti kwa sababu ya baridi, na mabwana wa huko waliwalazimisha wakulima kuvaa kitani pekee. Kitani katika theluji! Wanawake wakakusanya nyuzi za pamba walizoweza kupata, wakawa wanazijaza katika matundu ya kitani kilichotiwa nili, mshono kwa mshono, mpaka nguo ikawa nzito na yenye joto. Mishono hiyo ikatoa maumbo ya msambamba, na leo inaitwa kogin na watu wanaitundika ukutani. Walioianzisha walikuwa wanazuia baridi isipite.

Na kusini, Okinawa, ambayo ilikuwa ufalme wa Ryukyu mpaka Japani ilipoimeza mwaka 1879, walivaa mgomba. Nasema kweli: nyuzi za shina la mgomba. Si huu wetu wa kula ndizi, ni ndugu yake, lakini ukiuona shambani utadhani uko Moshi. Magamba ya shina yanabanduliwa, yanachemshwa kwa maji ya majivu, yanakwanguliwa, na nyuzi zinaunganishwa moja moja kwa mkono. Jora moja linakula migomba 200 hivi. Nguo yake, bashōfu, ni nyepesi kama bawa la kerengende na haigandi mwilini wakati wa joto. Baada ya vita Wamarekani waliokalia kisiwa waliikata migomba mingi wakiogopa mbu, na ufundi ulikaribia kupotea. Mwanamke wa kijiji cha Kijoka, Taira Toshiko, ndiye aliyeukusanya tena pamoja na wajane na majirani zake. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 101. Mimi nimetoka nchi ya migomba na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuvaliwa.

Sasa nifike pale ambapo mambo yaligeuka. Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ulianguka na serikali mpya ikaamua kwamba ili Japani isitawaliwe na Wazungu, lazima ionekane kama wao. Mwaka 1872 suti ikawa vazi rasmi la shughuli za serikali. Mwaka uliofuata mfalme Meiji alipigwa picha amevaa sare ya kijeshi ya Kizungu, nywele zimekatwa, ana upanga. Askari, tarishi wa posta, wafanyakazi wa reli, wote wakavalishwa suruali. Mwaka 1887 malkia mwenyewe alitoa waraka kuwahimiza wanawake wavae Kizungu, na hoja yake ilikuwa ya ajabu na ya akili: kwamba wanawake wa Japani ya kale walivaa vazi la juu na sketi, kwa hiyo gauni la Kizungu liko karibu na asili kuliko kimono. Mtu akitaka kubadilika, mila haikosi kumpa ushahidi.

Katika miaka hiyo ndipo lilipozaliwa neno wafuku, nguo za Kijapani. Kabla yake halikuwa na kazi, kwa kuwa nguo zote zilikuwa nguo tu. Kimono yenyewe ni neno lenye maana ya kitu cha kuvaa. Ilihitaji suti isimame upande wa pili ndipo kimono iitwe ya jadi, na nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipoingia, kwani kitu kikishaitwa cha jadi kinaanza kulindwa kisiguswe.

Haikutokea kwa siku moja. Mwaka 1925 msomi Kon Wajirō na wenzake walisimama katika mtaa wa Ginza, Tokyo, wakahesabu wapita njia. Kati ya wanaume, 67 katika kila mia walivaa Kizungu. Kati ya wanawake, mmoja tu. Mmoja! Baba anakwenda ofisini na suti, mama yuko nyumbani na kimono, naye ndiye aliyebebeshwa Ujapani wote mgongoni pamoja na obi. Tena miaka ile kimono za wanawake hazikuwa zimelala. Zilikuwa za meisen, hariri ya bei nafuu yenye michoro mikubwa ya ukungu ukungu, waridi, miali ya umeme, hata ndege za angani, na wasichana wa maduka na wa ofisi walizinunua kwenye maduka makubwa kama mimi ninavyonunua kitenge. Ningependa kuishi katika miaka hiyo kwa wiki moja tu, nitembee mitaani nikitazama nguo.

Kisha vita. Mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku vitu vya anasa, na kaulimbiu ikasema anasa ni adui. Wanawake wakashona monpe, suruali pana za mashambani zinazofungwa kifundoni, wengi wao kwa kufumua kimono zao. Sikiliza vizuri: nguo ilikubali. Vipande vilivyonyooka vinageuka kuwa suruali bila ugomvi.

Mwalimu wetu alikuwa mtoto wa miaka minne vita vilipokwisha. Alitusimulia jioni moja ya mvua, sindano ikiendelea kwenda mkononi mwake. Mama yake alikuwa na kabati la mbao nyepesi za kiri lililojaa kimono za harusi yake, kila moja imefungwa katika karatasi. Mjini hapakuwa na chakula. Kila baada ya siku kadhaa mama alifungua droo, akatoa moja, akapanda treni kwenda mashambani, na jioni akarudi na viazi vitamu au mchele kidogo. Wajapani waliyaita maisha hayo maisha ya chipukizi la mwanzi, kwa sababu chipukizi hilo unalimenya ganda baada ya ganda. Mwalimu alikumbuka rangi ya droo zilizokuwa tupu, mbao nyeupe. "Tulizila," alisema. Alimaanisha kimono.

Baada ya hapo wanawake wengi hawakurudi. Gauni lilikuwa rahisi, cherehani ilikuwa rahisi, na binti waliozaliwa baada ya vita hawakumwona mama akijifunga obi kila asubuhi. Kuanzia miaka ya 1960 zikaja shule za kufundisha kuvaa kimono, zikiwa na vyeti na ngazi, na kanuni zikakazwa: ukosi utokeze kiasi gani, mkunjo wa kiunoni uwe sawa kiasi gani, mwezi huu bitana, mwezi ule bila bitana. Najua shule hizo ziliokoa maarifa mengi na nawaheshimu waliofundisha. Lakini kimono ambayo bibi wa Edo alijitupia mwilini akienda sokoni imekuwa kitu ambacho mjukuu wake anaogopa kukivaa bila msaada wa mtaalamu, na anakikodi kwa siku moja: siku ya utu uzima, Jumatatu ya pili ya Januari, au siku ya harusi. Nimeona wasichana wa Kyoto siku hiyo, mikono inaning'inia hadi miguuni, wazuri kupita kiasi, wakitembea kama wamebeba yai. Nilitamani mmoja wao akimbie.

Nguo za mama zao, wakati huo, zinauzwa chini juu ya turubai. Kila tarehe 21 ya mwezi kuna soko katika uwanja wa hekalu la Tō-ji, na humo utakuta kimono zimerundikwa kama mitumba ya Tangamano. Hariri safi, kwa yeni elfu moja. Wafanyabiashara wanazikung'uta na kuzirudisha kwenye rundo. Mara ya kwanza niliondoka bila kununua kitu, moyo ulikuwa mzito. Mara ya pili nilinunua moja: ya kijivu iliyokaribia hudhurungi, nukta ndogo sana, na bitana nyekundu.

Mwalimu aliniona siku moja nimejifunga khanga nikipiga pasi. Akaomba kuishika. Akatafuta mshono, akaigeuza, akatafuta tena. Nikamwambia hakuna, tunapinda pindo tu. Nikamwonyesha mji wa khanga, pindo, na jina, nikamtafsiria maneno yake, naye akacheka sana kwamba nguo inaweza kumsema jirani. Kisha nilimpigia mama simu nikamsimulia, na mama akaniuliza kama sijui kwamba khanga ya bibi, ile ya sandukuni, imeandikwa Japani. Sikuwa najua. Nikasoma na kuuliza. Katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Japani zilijaa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo, iliyogusa hata Afrika Mashariki, iliwazuia watawala wa kikoloni kuzibagua kwa ushuru, na baada ya vita viwanda vya Japani viliendelea kwa miaka mingi kutuchapia khanga zenye methali zetu. Watu waliokuwa wakiacha kuvaa jora lao lililonyooka walikuwa wakitutengenezea sisi letu.

Niliporudi Tanga nilimpa mama ile kimono ya Tō-ji. Aliipindua kama fundi anavyopindua, akaona bandi, akashtuka. "Hii haijamaliziwa." Nikamwambia imemaliziwa, akatazama tena, akanyamaza. Tukakaa barazani, yeye upande wa mkono, mimi upande wa ukosi, tukaanza kufumua. Uzi ulitoka mrefu, haukukatika hata mara moja. Bitana ikaanguka pembeni kama ganda. Baada ya adhuhuri tulikuwa na vipande vinane, tukaviunganisha ncha kwa ncha na kulitandaza jora uani, kutoka mlangoni mpaka kupita mlimao.

Kijivu kilikuwa kimepauka mabegani na magotini, jua la miaka mingi ya mtu nisiyemjua. Ila pale katikati, kando ya ule mkato wa shingo, palikuwa na pembe ndogo mbili zilizokuwa zimekunjwa chini ya ukosi. Hazikuwahi kuona mwanga. Mama alipiga goti, akapitisha kidole juu yake. Rangi ilikuwa nzito, hudhurungi yenye chembe ya zambarau, na nukta zilikuwa nyeupe kabisa.